Mwikali na Mdudu wa Maua ya Mchu

Kwa muda mwingi wa maisha yake, Mwikali alikuwa akitambua wadudu ili wauawe. Alikuwa mkaguzi wa mimea bandarini. Meli ya ngano ikifunga gati, yeye hupanda na chekeche na tochi, akachota nafaka, akachekecha, akatazama kilichobaki juu ya karatasi nyeupe. Fukusi, dumuzi, viwavi vya nondo wa unga, wote aliwajua kwa sura. Akishaandika jina, shehena ilifukizwa dawa, na jina lenyewe halikuhitajika tena.

Alipostaafu, wenzake walimwandalia soda na keki, wakampa hadubini kuukuu iliyokuwa itupwe kwa sababu mpya zilikuwa zimeletwa. Ilikuwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, na lenzi yake moja ilikuwa na mkwaruzo. Baadhi yao walidhani ni mzaha mzuri wa kuagana. Mwikali aliipakata ndani ya teksi mpaka Mikindani, akaiweka juu ya meza ya chakula, na haikuondoka pale tena.

Nafasi ilikuwapo. Gedion, mumewe, aliyekuwa akiendesha kreni, alikuwa ameaga dunia miaka michache kabla. Moyo ulisimama asubuhi moja akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Mtoto wao wa pekee, Fancy, alikuwa muuguzi Eldoret, ameolewa hukohuko na ana mtoto mdogo. Mtu wa bara akistaafu Mombasa haulizwi kama ataondoka. Huulizwa ataondoka lini. Sisi majirani tulimuuliza. Fancy alimuuliza kila Jumapili kwenye simu. Ndugu zake wa Kitui hawakuuliza, walimjulisha tu kwamba chumba chake kimeshapakwa rangi. Mwikali alijibu wote, "Bado kidogo," na hakuna aliyejua anangoja nini, hata yeye mwenyewe.

Jumapili mchana ndiyo iliyomshinda. Asubuhi kulikuwa na kanisa, salamu za mlangoni, chai ya akina mama. Mchana nyumba ilinyamaza. Gedion alikuwa na mazoea ya kusikiliza mpira redioni saa hizo, akigombana na mtangazaji kana kwamba yuko naye chumbani, na Mwikali alimwambia kila mara apunguze sauti. Sasa sauti ilikuwa imepungua kupita alivyotaka. Basi huchukua mwavuli, akatoka, akateremka kwa miguu upande wa Jomvu Kuu, akapita msikiti na makaburi ya zamani, mpaka ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari uingiao bara.

Huko ndiko alikofahamiana na Nyevu, mwanamke wa Kirabai aliyelima mihogo na mchicha kwenye kipande cha ardhi kilichoishia kwenye tope la mikoko. Nyevu hakuwa mtu wa maneno mengi. Mara ya kwanza alimuuliza kama amepotea. Mwikali akasema anatembea tu.

"Basi pita huku, dada," Nyevu akamwambia. "Kule kuna tope la kummeza mtu."

Tangu siku hiyo njia ya shambani ikawa yake.

Mvua za vuli mwaka ule zilikuja vizuri, na michu ikachanua. Mchu ni mti wa maji ya chumvi, majani yake ya kijivujivu, mizizi yake imechomoza topeni kama vidole. Maua yake ni madogo, manjano, mtu hupita bila kuyaona. Lakini harufu yake ni ya asali, nayo ndiyo iliyomsimamisha Mwikali. Akasogeza tawi karibu. Kulikuwa na nyuki, kulikuwa na nzi, na katikati yao kulikuwa na mdudu mwembamba, mrefu kama punje mbili za mchele zilizounganishwa, mbawa zake za juu zina rangi ya samawati iliyochujuka, na ile ngao ya nyuma ya kichwa ina rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Ukoo wake aliujua tangu chuoni. Ni mbawakawa wanaoitwa askari, kwa kuwa Wazungu waliowapa jina hilo waliona rangi zao zafanana na sare za wanajeshi wa zamani. Lakini hawana gamba gumu la mbawakawa wengine. Mbawa zao za juu ni laini, zinapinda kama kitambaa. Hawali nafaka, hawatoboi mbao, hawamgusi mtu. Mwikali alisimama na tawi mkononi, akatambua kwamba alikuwa akimtazama mdudu asiye na mashtaka yoyote, na kwamba hakuwahi kufanya hivyo.

Alichukua watatu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, akarudi nao nyumbani.

Kwenye rafu alikuwa na kitabu cha chuoni cha kutambulia mbawakawa. Vitabu vya namna hiyo humuuliza msomaji maswali mawili mawili: kucha zina jino au hazina? Vipapasio ni vya kawaida au vya msumeno? Ukijibu, kinakupeleka mbele, mpaka unafika kwenye jina. Mwikali alijibu maswali yote jioni ile, akarudia kesho yake, akarudia tena na miwani mpya. Kila mara alifika mahali pamoja, na pale majibu yote mawili yalikuwa hapana. Kucha ya nje ya mguu wa mbele ya mdudu wake ilikuwa imepasuka ncha kama ulimi wa nyoka. Kitabu hakikuwa na mdudu wa namna hiyo.

Alipiga picha kupitia lenzi, akamtumia kijana mmoja wa makumbusho Nairobi aitwaye Dancun, ambaye aliwahi kuja bandarini kutoa mafunzo. Baada ya siku kadhaa Dancun alimpigia.

"Mama, nimefungua kila droo. Huyu hayupo."

"Hayupo kwa kuwa ni adimu, au kwa kuwa hakuna aliyemtafuta?"

Dancun akacheka. "Hilo la pili. Mimi ni mtu wa nyuki. Jamii hii hakuna anayeishughulikia hapa nchini. Hakuna kabisa. Kuna mzee mmoja kule Cheki, amewashughulikia hawa maisha yake yote. Nikupe anwani yake?"

Hivyo ndivyo alivyoanza kuandikiana na mtu ambaye hakuwahi kusikia sauti yake. Barua pepe za yule mzee zilikuwa fupi, za Kiingereza kilichonyooka kama cha mtu anayehesabu maneno. Hakuuliza habari za hali ya hewa wala za familia. Aliuliza urefu wa kiungo cha tatu cha kipapasio. Aliuliza kama manyoya ya mbawani yamelala au yamesimama. Alimfundisha kumlainisha mdudu kwa maji ya moto, kuchomoa kwa sindano kile kiungo cha uzazi cha dume kilichojificha tumboni, na kukisafisha kwa dawa mpaka kiwe wazi kama kucha ya mtoto, kwa sababu wadudu hawa hufanana nje na hutofautiana hapo. Mwikali aliharibu wa kwanza. Wa pili akamudu. Akachora, akapiga picha, akatuma.

Jibu lilipokuja lilikuwa na habari asiyoitarajia. Zaidi ya miaka mia iliyopita, mzee aliandika, Mjerumani mmoja alikamata mdudu wa namna hii katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka. Alipata jike mmoja tu, akampa jina, akampeleka kwao Ujerumani, naye yuko huko mpaka leo juu ya pini. Dume wake hajaonekana kamwe. "Nawe una madume tu," mzee aliandika. "Pengine umepata mdudu mpya. Pengine umempata mume wa yule bibi. Dume bila jike ni uvumi. Niletee jike."

Mwikali alisoma barua ile mezani huku chai ikipoa. Hakuweza kumtoa mawazoni yule jike wa Usambara. Miaka mia na zaidi sandukuni, amezungukwa na jamaa wasio wa namna yake, ana jina zima la Kilatini lakini hakuna wa kufananishwa naye.

Alirudi horini. Maua yalikuwa yamekwisha. Michu ilikuwa michu tu.

"Mpaka vuli nyingine," Nyevu akamwambia, akipalilia bila kuinuka. "Wamtafuta nani hasa?"

"Mdudu."

Nyevu akamtazama. "Haya," akasema, akaendelea kupalilia.

Mwaka wa kungoja ni mrefu kwa mtu anayekaa peke yake. Mwanzoni Mwikali alijaribu kueleza. Kwenye chai ya akina mama baada ya ibada alitoa simu, akaonyesha picha. Mmoja akauliza dawa yake ni ipi. Mwingine akauliza kama ndiye anayetoa malengelenge. Phoebe, mwenyekiti wa kikundi, mtu mwenye roho nzuri, alimshika mkono akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Fancy, tutakuwa tunakuja kukuona nyumbani. Usikae sana peke yako." Walikuja kweli, wakaimba, wakaomba, wakaona pini na chupa na ile hadubini mahali pa sahani. Baada ya hapo Mwikali hakutoa simu tena. Alikuwa akiulizwa hali, anasema ni njema. Mimi pia nilimuuliza hivyo hivyo, ukuta kwa ukuta, na nikaridhika na jibu hilo.

Vuli ya pili ikachelewa. Oktoba ikapita kavu, Novemba ikadondosha matone. Kila alipokwenda, vichipukizi vya maua vilikuwa vimejifunga. Huku Fancy akawa anapanga Krismasi. Alikuwa ameomba likizo, ameshamnunulia mama sweta, mtoto amefundishwa kumwita nyanya. Halafu, siku chache kabla ya Mwikali kusafiri kwenda Eldoret, mvua ilinyesha usiku kucha na mchana wake, na Mwikali akajua bila kwenda kuona.

Alimpigia Fancy asubuhi.

"Mama, usiniambie hauji."

"Maua yamefunguka, mwanangu. Yatakaa majuma mawili, labda pungufu. Nisipompata jike sasa, ni mwaka mwingine."

"Si uungoje huo mwaka mwingine?"

"Nimeshangoja mmoja."

Nyuma ya Fancy mtoto alikuwa akigonga kitu, sufuria labda. "Nilipokuwa mdogo ulikuwa unaenda melini Jumapili," Fancy akasema. "Nikawa naambiwa ni kazi. Sasa kazi imekwisha, mama. Hakuna anayekulipa, hakuna anayekutuma. Kwa hiyo umechagua tu. Umechagua mdudu."

Mwikali alitaka kusema si hivyo. Lakini alikuwa mtu wa kutazama kitu kilivyo, na alipoyatazama maneno yale hakuona pa kuyakosoa. "Nitakuja Pasaka," akasema.

"Sawa, mama," Fancy akajibu, na simu ikakatika.

Siku ya Krismasi Mikindani ilijaa muziki na harufu ya pilau. Mwikali alikwenda ibada, akasalimiana na watu, akavaa raba na sketi kuukuu, akateremka horini. Nyumba ya Nyevu ilikuwa imefungwa kwa kamba. Wote wamekwenda Rabai kwa ndugu. Maji yalikuwa yamepwa, tope limelala wazi mpaka mbali, kaa wadogo wakitoka na kuingia mashimoni. Alipita mti hata mti, akageuza tawi baada ya tawi. Alikuta nyuki. Alikuta dume mmoja, kisha mwingine. Aliwatambua sasa kwa macho matupu kwa wembamba wa tumbo.

Waliokuwa wawili aliwakuta kwenye mchu mdogo ulioota peke yake mbele ya wenzake, karibu na mkondo. Jike alikuwa mpana zaidi, ngao yake imefifia kidogo, naye alikuwa akila chavua kwa utulivu huku dume amepanda mgongoni. Wadudu hawa hukaa hivyo kwa muda mrefu. Mwikali alikuwa na chupa mkononi, kizibo kimefunguliwa, na kitu chepesi kabisa kilikuwa kuligonga lile shada la maua waanguke wote wawili. Bandarini alikuwa ameua maelfu kwa maelfu bila kukosa usingizi. Lakini alisita. Akajiambia, wakiachana wenyewe nitawachukua.

Basi akasimama. Maji yakaanza kujaa. Yalikuja kimyakimya kupitia mizizi, yakafunika kaa, yakafunika raba zake, yakapanda mpaka juu ya vifundo vya miguu. Hapakuwa na mtu mahali popote. Kwa mbali, ng'ambo ya hori, kasha lilishushwa mahali fulani kwa kishindo, kisha kimya. Mwikali alijikuta akizungumza kwa sauti, na haikuwa na wale wadudu. Alikuwa akimweleza Gedion kwa nini hajaenda Eldoret. Alieleza vizuri, kwa mpango, kama anavyoelezea mtu aliye na hakika atajibiwa, mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe juu ya maji akanyamaza kwa aibu.

Maji yalipofika magotini dume alishuka. Akatembea mpaka ncha ya jani, akafungua mbawa. Mwikali alimdaka kwa chupa, kisha akamdaka na jike, akaifunga, akageuka kurudi. Njia ilikuwa imefunikwa, akawa anaipapasa kwa miguu, mizizi ikimchoma, mwavuli ameuinua juu pamoja na mfuko. Aliteleza mara moja akaloana mpaka kifuani. Chupa haikuguswa na maji.

Nyumbani alibadili nguo, akanywa chai na mkate. Kwenye simu kulikuwa na picha kutoka Eldoret, mtoto na sweta kubwa la mtu mzima mabegani mwake. Hakukuwa na maneno. Mwikali aliitazama mpaka kioo kikazimika.

Siri ya jike, kwa wadudu hawa, iko kwenye kipande cha mwisho cha tumbo upande wa chini. Ukingo wake ndio husema. Wa Mwikali ulikuwa na mabonde mawili madogo, na katikati ulimi mfupi. Alituma picha kwa mzee wa Cheki, naye akaandikia makumbusho ya Ujerumani wampigie picha jike wa Usambara. Miezi ikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kupata.

"Ukingo wake umenyooka," mzee aliandika. "Hakuna bonde, hakuna ulimi. Nimetazama mara nyingi ili nisijidanganye. Dume wako si mume wake. Yule bibi wa Usambara angali peke yake. Wako ni mpya kwa sayansi. Hongera. Macho yangu hayawezi tena kazi ndogo, kwa hiyo maelezo uyaandike wewe."

Mwikali alifurahi, akasimama, akazunguka meza. Halafu akaketi akamhurumia jike wa Usambara, akajishangaa.

Jambo la jina ndilo lililofuata, na hapo Dancun alimpigia na wazo aliloona ni la heshima. "Mama, niachie mimi niandike makala. Ukiwa si mwandishi, naweza kumpa mdudu jina lako. *Mwikaliae*. Litakaa milele. Lakini ukiandika wewe, huwezi kujipa jina lako mwenyewe. Haijakatazwa, ila watu watacheka."

"Na nikiandika?"

"Ukiandika, jina la mdudu linakuwa lingine, na lako linaandikwa baada yake. Ndivyo inavyofanywa. Mdudu, halafu aliyemweleza, halafu mwaka."

Alimwomba siku chache. Fancy, ambaye walikuwa wameanza tena kuongea kwa tahadhari, alisema bila kufikiri, "Mpe jina la baba." Mwikali alikuwa ameshaliwaza hilo. Akamwambia, "Baba yako alikuwa akikuta pini kitandani ananuna juma zima. Angecheka, kisha angeudhika." Wakacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Kwa Dancun alisema hivi: "Mwanangu, nimeshaagwa mara moja. Nilipewa soda na keki, nikashukuriwa, nikaenda nyumbani. Sitaki kushukuriwa. Nataka kuandika."

"Basi nitakuwa mwandishi wa pili," Dancun akasema. "Nitakuchorea ramani."

Kuandika kulikuwa kazi ngumu kuliko tope. Maelezo ya mdudu hayana *huenda* wala *naona*. Kila kiungo kinapewa sentensi yake, rangi, umbo, uwiano. Aliandika usoni mwa hadubini, jicho moja kwenye lenzi isiyo na mkwaruzo, akafuta, akaandika. Alimchagua dume mmoja awe yule anayebeba jina, ambaye wengine wote watalinganishwa naye, na akamchagua wa ule mchu wa mkondoni. Jina alilompa ni la mahali: *jomvuensis*, wa Jomvu. Rasimu aliituma Cheki.

Hakujibiwa. Akatuma tena, akidhani imepotea. Mwishowe aliandika binti wa mzee. Alisema baba yake yuko sasa katika nyumba ya kutunzia wazee, kumbukumbu zimemtoka, hamjui hata yeye. "Lakini nilimwonyesha mchoro wako," binti aliandika. "Aliweka kidole juu yake, akakaa nao mchana wote. Sijui aliona nini."

Mwikali alikuwa hajawahi kumwona mtu yule. Hakujua kama ni mrefu au mfupi. Lakini katika dunia nzima walikuwa wawili waliomjua yule mdudu kiungo kwa kiungo, na sasa alikuwa amebaki mmoja. Alilia mezani, akasogeza sanduku la wadudu lisiloe.

Makala yalirudishwa mara moja kwa sababu ya michoro. Akaichora upya yote. Yakakubaliwa. Kabla hayajatoka ilimbidi awapeleke wadudu Nairobi, kwa kuwa anayebeba jina hakai nyumbani kwa mtu. Aliwafunga kwenye kisanduku ndani ya kisanduku, pamba kati yake, akawapakia kwenye gari la vifurushi. Aliporudi, meza ilikuwa na hadubini na hakuna cha kuweka chini yake.

Siku makala yalipotoka ilikuwa Jumanne, mchana wa joto. Alilifungua jarida kwenye simu, akaliona jina, na baada yake jina lake, na mwaka. Alimpigia Fancy; alikuwa zamu, wodi imejaa, akasema, "Hongera sana mama, ngoja nitakupigia," na Mwikali akamwelewa. Akavaa raba, akateremka Jomvu Kuu.

Nyevu alikuwa akifunga mafungu ya mchicha. Mwikali akamweleza, polepole, kwamba yule mdudu sasa ana jina, na kwamba jina lenyewe ni la hapa, watu wa mbali watalisoma.

"Kwani ninyi mlikuwa mwamwitaje?" akamuuliza.

Nyevu alifikiri kwa dhati. "Hatukumwita kitu," akasema. "Tulikuwa twampita tu." Kisha akamsogezea kigoda. "Keti, dada. Umekuja na jua."

Mwikali akaketi. Walikaa hivyo, Nyevu akifunga, yeye akimpa kamba, mpaka mafungu yakaisha. Hawakusema mengi. Alipoinuka kwenda, Nyevu alimpa fungu moja.

Pasaka ile alikwenda Eldoret, kama alivyoahidi, ingawa kwa kuchelewa mwaka mzima. Baridi ilimtafuna. Mtoto alimtazama kama mgeni, ambavyo ndivyo alivyokuwa, na ilichukua siku kadhaa mpaka akubali kukaa karibu naye. Jumapili mchana mkwe alimtoa mtoto nje. Fancy, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, aliketi kwenye kochi na yale makala mkononi. Alikuwa ameyachapisha kazini.

"Nataka kuyaelewa," akasema. Akasoma Kiingereza chake kwa sauti, akikwama kwenye Kilatini. "Hapa unasema *manyoya mafupi yaliyolala*. Yamelalaje?"

Mwikali alishika mkono wa binti yake, akapitisha kidole juu ya malaika, vile vinyweleo laini vya ngozi, kutoka kiwikoni kwenda kwenye kifundo. "Hivi. Yakielekea nyuma. Ukimtazama jua likiwa upande, anang'aa kama amepakwa mafuta."

"Na hii kucha iliyopasuka ni ya kazi gani?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Nadhani ni ya kushikia ua upepo ukija, lakini sikuandika, kwa sababu nadhani tu."

Fancy akatikisa kichwa, akageuza ukurasa, akauliza tena, na tena. Alikuwa akiuliza kwa kweli. Mwikali alieleza kichwa, kifua, mbawa. Sauti yake ilikuwa imepata joto, mikono ikichora hewani. Alipofika kwenye jike aliona kwamba karatasi zimeteleza mapajani mwa Fancy na kichwa kimeegemea upande. Uchovu wa zamu ulikuwa umemchukua.

Mwikali aliziokota zile karatasi taratibu. Nje mtoto alikuwa akicheka na baba yake. Aliweka miwani sawa, akatafuta mahali walipoishia, akaendelea kusoma habari za jike kwa sauti ndogo, mpaka mwisho.